Shangazi, binti yangu anamkataza bibi yake kuongea Kirombo

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu ulihifadhi. Ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Binti yangu ana miaka saba, yuko darasa la pili kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza. Mdogo wake wa kiume ana miaka mitatu, hajaanza shule, anashinda nyumbani na dada wa kazi. Mimi ni Mchaga wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, kwetu ni Mkuu. Mume wangu ni Mchaga wa Machame. Watu wakisikia hivyo husema, "Aa, basi ninyi ni nyumba moja." Kumbe nikiongea Kirombo na dada yangu kwenye simu, mume wangu huambulia neno moja moja tu. Tangu uchumba lugha yetu ni Kiswahili, na watoto wamezaliwa humo humo. Sikuwahi kuliona kuwa tatizo.

Mwaka jana nilimchukua mama yangu kutoka Rombo. Baba alishatangulia, na mama alikuwa ameanza kusahau. Anaacha moto jikoni, anakwenda kukata majani ya ng'ombe halafu anapotea njia ya kurudi kwenye kihamba chake mwenyewe, shamba la nyumbani. Hospitali walituambia ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Mwilini ana nguvu na anakula vizuri, ila Kiswahili kinamtoka. Zamani alikiongea vya kutosha sokoni na kanisani. Sasa siku nyingi ni Kirombo kitupu. Mwanangu mdogo anamwita kwa jina la kaka yangu, anampakata, anamwimbia, na mtoto anatulia. Dada wa kazi ni Msambaa, haelewi hata mama anapoomba maji.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Jioni moja mama alikuwa anaongea na mimi sebuleni, binti yangu akaja akamwekea kidole mdomoni, akamwambia, "Bibi, nyamaza, utavishwa kibao." Nilipomuuliza ndipo nikajua kwamba shuleni mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anavishwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake amwachie. Yeye alishakivaa. Mama hakuelewa maneno yale, lakini kidole alikielewa. Hakusema tena mpaka wakati wa kulala.

Nilimwambia mume wangu kwamba nataka kuanza kuongea Kirombo na watoto. Alikataa, ingawa kwa upole. Anasema walimu walituambia kwenye kikao cha wazazi tuongee Kiingereza nyumbani kwa sababu watoto wako nyuma, na lugha ya tatu itawavuruga. Anasema sisi ni Watanzania, mambo ya lugha za kikabila tuyaache, na hataki kukaa kwenye nyumba yake kama mgeni asiyejua mke na watoto wanazungumza nini. Yeye amekulia Arusha mjini. Kimachame anakisikia, ila akisemeshwa anajibu kwa Kiswahili.

Mama mkwe naye amesikia. Alinipigia akasema kama watoto watafundishwa Kichaga, basi kiwe Kimachame, kwa sababu mtoto ni wa baba. Desemba iliyopita tulipokuwa Machame, binti yangu alijaribu kuwasalimia wazee kwa salamu aliyofundishwa na binamu yake, wakacheka wote hadi akajificha nyuma yangu. Wifi yangu mmoja akasema, "Hawa ni Wachaga wa kuja kuhesabiwa tu."

Shangazi, sijui nishike lipi. Nikinyamaza, mama yangu atamalizia maisha yake kwenye nyumba ambamo ni mimi tu ninayemwelewa, na mimi ninarudi kutoka kazini saa kumi na mbili na nusu jioni. Nikianza Kirombo, naogopa kuwaharibia watoto masomo na kuigawa nyumba. Tena Kirombo changu si kamili. Niliondoka Rombo nikiwa na miaka kumi na minne kwenda shule ya bweni. Siku hizi nahesabu fedha kwa Kiswahili, hata sala zangu ni za Kiswahili. Nina haki gani ya kufundisha kitu ambacho na mimi kinanitoka? Binti yangu ameshachelewa? Na hiki ninachokitaka, je, ni ukabila?

Mama wa Wawili, Dar es Salaam

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kumuuguza mama huku unalea, na pole kwa jioni ile.

Nimeisoma barua yako nikaona mambo mawili yamefungwa pamoja, nawe unajaribu kuyatatua kwa uamuzi mmoja. Kuna mama mgonjwa ambaye lugha iliyombakia haieleweki na watu anaoshinda nao. Kuna pia watoto wawili, na swali la lugha gani wakue nayo. La kwanza halihitaji kikao cha ukoo, na sidhani kama mume wako atalipinga likitengwa na la pili. La pili linahitaji maelewano na muda. Kwa hiyo naomba tuanze na mama.

Katika magonjwa ya kusahau, lugha aliyojifunza mtu ukubwani mara nyingi hudhoofika mapema, na ile ya utotoni hudumu zaidi. Mama yako hakatai Kiswahili wala hana kiburi; maneno hayamjii. Hata mnapokwenda kliniki, mweleze daktari kwamba lugha yake ni Kirombo na uombe kutafsiri. Akipimwa kumbukumbu kwa Kiswahili anaweza kuonekana amepotea kuliko alivyo. Kisha chukua karatasi moja, uandike kwa herufi hizi hizi za Kiswahili mambo anayoyasema kila siku: maji, njaa, choo, baridi, hapa panauma, nataka kulala, nataka kwenda nyumbani. Mbele ya kila moja weka maana yake, ubandike ukutani jikoni. Mfundishe dada wa kazi ayatamke mbele ya mama mwenyewe, kwa sababu karatasi haionyeshi sauti inapanda wapi na kushuka wapi. Kama binti yako ataandika karatasi hiyo kwa mkono wake, wewe ukimtajia, ni vizuri zaidi. Siku hiyo atakuwa ameipa lugha ya bibi yake kazi ndani ya nyumba.

Hilo linatuleta kwenye kibao. Naomba usimhesabie binti yako kosa. Alikuwa anamlinda bibi. Mtoto wa miaka saba amefundishwa kwamba kuna lugha zinazoadhibiwa, akajua bibi yake anaongea mojawapo, akamwahi kabla hajakamatwa. Mweleze kwa maneno mafupi: kanuni ile ni ya pale shuleni, hapa nyumbani hakuna kibao, na bibi anaruhusiwa kuongea kila kitu. Mrudie mara kadhaa, kwa sababu hofu ya shuleni haitoki kwa maelezo ya mara moja.

Kwa mwalimu wake usiende na hasira, nenda na maswali. Mwambie kilichotokea nyumbani jinsi kilivyotokea, kisha uulize kama kuna njia nyingine ya kuhimiza Kiingereza kuliko kumvisha mtoto kitu shingoni na kumtuma akamate wenzake. Zoezi hilo ni la zamani. Huko Wales katika karne ya 19 watoto walivishwa kipande cha mbao kwa kosa la kuongea Kiwelisi, nacho kilihama kutoka shingo hadi shingo vile vile kama cha binti yako. Linamfundisha mtoto kunyamaza, na mtoto anayenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Hatari ipo kwamba mwalimu atamwona binti yako kama mtoto wa mzazi msumbufu. Ndiyo sababu ni heri mwende wawili, baba akiwepo, na msiongelee Kirombo kabisa siku hiyo.

Mkiwa pale, muulizeni pia yuko nyuma kwenye nini hasa: kusoma, msamiati, kuandika, au kuthubutu kusema? "Ongeeni Kiingereza nyumbani" ni ushauri unaotolewa kwa nia njema, lakini tuuangalie unavyofanya kazi. Mzazi ambaye Kiingereza si lugha yake ya moyoni hukitumia kwa amri fupi fupi: njoo, kula, oga, fanya kazi ya shule. Maelezo marefu yanakatika, hadithi na maswali ya kwa nini yanaondoka, na hayo ndiyo yanayomjenga mtoto akili ya kusoma. Jambo alilolielewa vizuri kwa Kiswahili, kwa Kiingereza anatafuta jina lake tu. Dakika ishirini za kusoma naye kitabu cha Kiingereza kila usiku, mkisimama kuulizana maswali, zitamsaidia kuliko jioni nzima ya amri.

Kuhusu kuvurugika, mtoto wa lugha mbili au tatu huanza kusema katika umri ule ule wa wenzake. Msamiati wake katika lugha moja moja unaweza kuwa mdogo kidogo, lakini ukijumlisha zote haupungui. Kuchanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja ni hatua ya kawaida. Kama mtoto wa miaka miwili na nusu haunganishi maneno mawili kwa lugha yoyote, hapo apimwe masikio na aonwe na daktari. Kumwondolea lugha moja hakutamtibu.

Sasa baba watoto. Naomba umsikilize vizuri, maana kwenye maneno yake naona vitu viwili tofauti. Kimoja ni ukabila, na hilo ni jambo zito kwa nchi hii iliyojengwa kwa Kiswahili. Anayeliogopa ana sababu. Lakini ukabila ni kumpa mtu kazi au kumnyima haki kwa sababu ya kabila lake. Bibi na mjukuu kuelewana hakumnyimi mtu kitu. Hata Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, iliyokikweza Kiswahili kama lugha ya taifa, inataka jamii ziendelee kutumia na kujivunia lugha zake za asili. Shuleni hazikuwekwa, kwa hiyo zimeachiwa nyumba.

Kitu cha pili ni hofu ya kuwa mgeni nyumbani kwake, na hiyo ndiyo ningeipa uzito zaidi. Mtu anayeisikia lugha ya wazazi wake lakini anajibu kwa Kiswahili mara nyingi ana aibu ambayo hajawahi kuisema. Huenda naye aliwahi kuchekwa. Sijui, na huenda nakosea, ila badala ya kumuuliza "kwa nini unakataa Kirombo?" ungeweza kumuuliza ilikuwaje kwake kukua Arusha huku bibi na babu wakiwa Machame. Sikiliza jibu bila kulitumia kwenye hoja yako.

Mama mkwe ana hoja ya ukoo, na kwa mila zenu ukoo kweli unafuata baba. Lugha haifuati njia hiyo. Inamfuata yule anayeongea na mtoto kila siku. Kabla ya kubishana ni Kimachame au Kirombo, jiulizeni ni nani atakayekiongea Kimachame nyumbani kwenu Jumanne jioni. Kama baba hajibu kwa lugha hiyo na bibi mzaa baba yuko Machame, mara mbili kwa mwaka hazitoshi. Na usidhani kwamba Kirombo kitamfungulia mtoto mlango wa Machame. Watafiti wa lugha huzigawa lugha za mlima Kilimanjaro na jirani zake katika makundi: magharibi kuna Siha, Machame na Kibosho, na Kimeru cha Arusha kiko karibu sana na Kimachame, katikati kuna Uru, Old Moshi na Vunjo, Rombo ni kundi lake, na Kigweno cha Upare wa kaskazini kimesimama peke yake. Machame na Rombo ni pande mbili za mlima. Mume wako kuambulia neno moja moja si uvivu.

Hapo pia nakuomba uliangalie upya neno la wifi. Wachaga walijenga umoja wao mkubwa wa kisiasa, hadi kumchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wa Wachaga wote, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiwa wanaongea lugha hizo zote tofauti. Uchaga haukuwahi kuwa na lugha moja. Binti yako ana jina la ukoo, ana kihamba anachokwenda, anajua makaburi ya akina nani yako pale. Asipojua Kichaga amekosa kitu, nami sitakuambia hajakosa. Lakini si kweli kwamba asipokijua yeye si mtu wa kwao. Na Kiswahili alichozaliwa nacho ni lugha ya Kiafrika ambayo ni yake kwa haki, si kitu alichoazimwa wakati anasubiri lugha halisi. Huko shuleni ndiyo aliyovishiwa kibao, kwa hiyo nayo inahitaji kutetewa nyumbani.

Sasa tuangalie saa, maana hapa ndipo nia njema nyingi zinapokwama. Waliofuatilia watoto wa lugha mbili wameona kwamba mtoto anayeisikia lugha chini ya robo hivi, au moja ya tano, ya muda wake wa kuwa macho mara nyingi huishia kuielewa bila kuisema. Ni makadirio, si sheria. Mwanao mdogo yuko macho kama saa kumi na mbili kwa siku, yaani saa 84 kwa wiki. Robo yake ni 21. Bibi yuko naye mchana kutwa. Akikaa karibu na bibi saa tatu kwa siku amefika, kabla hata hujarudi kutoka kazini. Binti anaondoka alfajiri, anarudi jioni, analala saa tatu usiku. Yuko macho kama saa 105 kwa wiki na robo yake ni 26. Wewe una naye labda saa mbili kwa siku za kazi na sita kila siku ya mwisho wa wiki, jumla 22. Hata ukiongea Kirombo kila dakika hufiki robo, unaigusa tu ile moja ya tano. Kwa hiyo watoto hawa wawili hawawezi kuwekewa lengo moja, na ukiwawekea utamlaumu mkubwa kwa jambo ambalo ratiba yake imelizuia.

Lakini binti hajachelewa. Umri wa miaka saba bado unapokea sauti za lugha vizuri kuliko mtu mzima. Kinachomfaa ni lengo dogo lililo wazi: amwelewe bibi na amjibu katika mambo ya kila siku. Akifika hapo na akitaka zaidi ukubwani, ana pa kuanzia.

Njia zilizo mbele yako ni hizi, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuongea Kirombo na watoto wakati wote, baba Kiswahili, shule Kiingereza. Ndiyo yenye matokeo makubwa kwa mdogo, na ndiyo inayoweza kuleta ukuta kati yako na mume wako. Wanaoimudu huweka makubaliano ya mezani: baba akiwepo, unachomwambia mtoto kwa Kirombo unamgeukia baba na kukisema kwa Kiswahili, bila kumrudia mtoto. Ukimrudia mtoto kila mara kwa Kiswahili, ataacha kusikiliza Kirombo kwa sababu anajua tafsiri inakuja. Ugumu mwingine ni uchovu. Siku ya hasira au haraka ulimi utarudi kwenye Kiswahili. Hiyo haiharibu kitu, mradi kesho yake uendelee.

Unaweza pia kukiwekea Kirombo mahali na wakati: kuoga, jikoni, chumbani kwa bibi, Jumamosi asubuhi. Baba atapumua, nawe utaweza kudumu. Matarajio yawe ya kuelewa zaidi kuliko kusema. Kosa la kawaida hapa ni kukigeuza somo, kuuliza "hii inaitwaje?" mpaka mtoto achoke. Fanya kazi huku unaongea: menya ndizi, mwagie maji, kunja nguo. Mtoto akijibu kwa Kiswahili usimkatalie. Rudia jibu lake kwa Kirombo, uendelee na mazungumzo. Atakapohitaji kitu kwa bibi, ambaye Kiswahili hakimfikii, ndipo maneno yatatoka yenyewe.

Na unaweza kuamua watoto wabaki na Kiswahili na Kiingereza, Kirombo kiwe cha kumhudumia mama na cha kuhifadhi. Nimeliweka hili kwa heshima sawa na mengine. Gharama yake unaijua, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Angalia tu lisiwe uamuzi uliojifanya wenyewe kwa kunyamaza. Kigweno kimepungua hivyo hivyo, wazazi wakiongea Kiswahili na Kipare na watoto wao, na hakuna kikao kilichowahi kuamua kiachwe.

Kuna jambo la bibi mwenyewe kuwa mwalimu. Mgonjwa wa kusahau hurudia hadithi ile ile na wimbo ule ule. Sisi wakubwa tunachoka. Mtoto wa miaka mitatu ndivyo anavyojifunza. Mwache ampakate na amwimbie. Akimwita kwa jina la kaka yako, msimsahihishe bibi, mtoto anaweza kuitika. Lakini asiachiwe mtoto peke yake, hata dakika chache, kwa sababu ya moto na mlango. Dada wa kazi awepo, na akiona bibi amechoka au amekasirika amwondoe mtoto taratibu.

Umeuliza una haki gani. Kirombo ulichonacho kilisimama ukiwa na miaka kumi na minne, yaani unacho cha jikoni, cha kubembeleza, cha kukemea, cha mifugo na mvua. Mtoto mdogo anahitaji hicho hicho. Usichokijua ukijaze kwa neno la Kiswahili ndani ya sentensi ya Kirombo, kama wanavyofanya wenyewe Rombo kwa simu na shule, au umuulize dada yako. Maandishi hayatakusaidia sana. Kimochi, lugha ya Old Moshi, kilipata sarufi iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1909 na Agano Jipya katika miaka ya 1930, kazi za wamisionari wa Kilutheri; Kirombo kina vitabu vichache zaidi. Na hata palipo na kitabu, kupanda na kushuka kwa sauti hakuandikwi.

Hapo ndipo salamu ya Machame ilipoharibika, nadhani. Msemaji wa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho kila mahali. Kichaga kinakwenda kwa sauti ya juu na ya chini, na mtoto akikaza mahali pa Kiswahili, masikio ya wazee yanasikia kitu cha ajabu. Huenda pia binamu alimpa salamu ya watoto kwa watoto. Wazee hawakumaanisha ubaya, lakini mtoto akichekwa mara mbili hujifunga. Ungeweza kumwomba mama mkwe atume kwa sauti kwenye WhatsApp salamu moja kamili ya Kimachame, swali na jibu lake, kwa mjukuu kumsalimia mzee. Binti airudie na kumrudishia, bibi amsahihishe, wiki baada ya wiki mpaka Desemba. Mama mkwe atapata alichokidai na mtoto atafika akiwa na mtu mmoja upande wake. Mume wako awaambie ndugu zake mapema wasicheke. Likitoka kwako litasikika kama lawama.

La kurekodi usilisubirishe makubaliano. Simu yako inatosha. Chagua programu inayohifadhi kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa, weka simu isipokee mawasiliano, iwe sentimita ishirini hadi thelathini kutoka mdomoni mwa mama, juu ya kitambaa ili meza isigonge. Zima feni, redio na televisheni. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Dakika kumi na tano zinatosha, asubuhi anapokuwa na nguvu. Usimwombe kutafsiri maneno ya Kiswahili, atachanganyikiwa na utapata maneno yaliyokauka. Mpe kitu mkononi: ndizi, ulezi, jembe. Mwombe aeleze mbege, pombe yenu ya ndizi, inapikwaje, kuanzia kuivisha ndizi na kuotesha ulezi hadi gome la mti wa msesewe, hatua kwa hatua. Mwombe majina ya migomba, ya mifongo, yaani mifereji ya maji ya mashamba, nyimbo za kulaza watoto. Faili la WAV la mkondo mmoja (mono) hula karibu megabaiti tano kwa dakika, kwa hiyo lipe jina lenye tarehe na mada, ulihamishie kwenye kompyuta, na nakala nyingine uiweke kwa dada yako. Usiitegemee iliyotumwa kwa WhatsApp kama sauti. Inabanwa, na ubora wa sauti hupungua. Mwombe mama ruhusa kila unapoanza, kwa sababu atakuwa amesahau ya jana, na akigeuza uso, zima. Waambie na ndugu zako unachofanya kabla hawajasikia kwa watu.

Mkishaongea na baba watoto, niandikie tena, hata kama mmekubaliana tofauti na yote niliyoyataja. Na ungeniambia mwalimu alisemaje kuhusu kibao.